Nyumba Apewe Aliyemlea Bibi

Nilikwenda kwa Mtafiti kuomba miwani. Naliweka hili mbele mapema ili msomaji ajue anaongozwa na mtu wa aina gani. Mtaani kwetu Ipagala zilikuwa zimeenea habari kwamba kwenye kile chumba cha uani, nyumbani kwa Bibi, kuna mwanamke wa chuo anayepima watu macho kwa kompyuta, na ukimaliza unapewa kipande cha sabuni. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu huondoka alfajiri na basi la wizara kwenda kazini Mtumba, mimi nabaki na kuku. Kwa hiyo kliniki ya macho iliyohamia jirani na banda langu niliiona kama imeletwa kwa ajili yangu. Nikaoga, nikavaa shati nililooa nalo, nikapiga hodi.

"Macho yanakusumbua?" aliniuliza kwa adabu.

"La kushoto. Upepo ukivuma linatoa machozi. Na herufi ndogo zinacheza."

Akanikalisha mbele ya kioo cha kompyuta, kidevu nikakiegemeza kwenye kibao cha mti. Chini ya kioo palikuwa na kamera ndogo. Akaniambia nisome kimyakimya kama ninavyosoma gazeti. Nikasoma kwa nguvu zangu zote. Zilikuwa habari za ajabu ajabu, za mbwa na mkulima, mara daktari na muuguzi, mara mtoto na mbuzi, na herufi hazikupungua ukubwa hata mara moja. Nilipomaliza nikajisogeza, nikamuuliza nitapewa miwani ya kusomea au ya kuonea mbali.

Hakunicheka. Alijifunika mdomo kwa mtandio, akatoka nje, nikamsikia akicheka huko uani mpaka akakohoa. Akarudi uso umenyooka.

"Jirani, macho yako mazima. Mimi napima sentensi."

Akaniita upande wake wa meza. Kwenye kioo ilikuwepo moja ya zile nilizosoma: Mbwa aliyemfukuza mkulima alianguka mtoni. Juu ya maneno palikuwa na madoa ya rangi ya chungwa, mengine madogo, mengine makubwa, yameunganishwa kwa mistari.

"Haya ni macho yako. Kila doa ni mahali yaliposimama. Doa kubwa maana yake yalikawia."

"Mbona hapa nimerudi nyuma?"

"Na mimi nakuuliza wewe. Nani alimfukuza nani?"

"Mbwa alimfukuza mkulima."

"Sasa soma iliyofuata."

Iliyofuata ilisema mkulima alibaki ukingoni anahema, fimbo mkononi, akifurahi kuwaokoa kuku wake. Nikaitazama. Kumbe mkulima ndiye aliyekuwa akimkimbiza mbwa! Mbwa aliyemfukuza mkulima, yaani mbwa ambaye mkulima alimfukuza. Inawezekana kabisa. Nimesema Kiswahili tangu nijue kusema, kidato cha nne nikapata C ya Kiswahili na kuitangaza ukoo mzima, na sikuwahi kuona kwamba neno lile moja lina milango miwili.

"Uliingia kwa mlango wa kwanza," Mtafiti akasema, "ukaenda mpaka sebuleni, ukavua viatu. Ile fimbo ikakwambia umekosea nyumba, ukatoka mbio. Umeyafanya yote hayo kabla hujajua kwamba umeyafanya."

Nikayatazama yale madoa yangu. Watu wamewahi kuniona nikila, nikisinzia, nikigombana na jogoo. Hakuna mtu aliyewahi kuniona nikifikiri. Mke wangu angesema hapakuwa na cha kuona. Lakini pale kilikuwepo, kwa rangi ya chungwa, na mwanamke mmoja mfupi mwenye kandambili alikuwa anakisoma kama wewe unavyosoma kibao cha duka. Nilitoka na sabuni yangu mkononi, miguu mepesi.

Nikawa narudi. Nyumba yetu ikafurika sabuni, hadi mke wangu akataka maelezo.

"Kwa huyo mama unafanya kazi gani?"

"Nasoma."

"Unasoma nini?"

"Mbwa na mkulima."

Akanitazama, akaiangalia sabuni, akaamua kuniamini kwa sababu ilikuwa sabuni nzuri.

Mwanzoni nilimwogopa. Mtu aliyesomea lugha mpaka ng'ambo, nikajua lazima atanisahihisha, basi nikifika kwake naongea kama taarifa ya habari. Siku moja akanikatiza. "Jirani, leo una nini? Mbona unaongea kama redio?" Nikamwambia naogopa kukosea. Akasema, "Ukiacha kukosea, mimi nitakula nini?" Na kweli, sikuwahi kumsikia akimsahihisha mtu. Mtu akikosea, Mtafiti alimkaribia, akainamisha kichwa, akamwomba arudie vilevile alivyosema.

Ndivyo ilivyokuwa siku ya chanjo ya kuku. Bwana mifugo alikuja, nikamwambia, "Kuku wote hawajachanjwa." Mimi nilimaanisha wapo waliochanjwa na wapo ambao bado. Yeye akaelewa hakuna hata mmoja. Akawashika wote, akawatia matone ya chanjo machoni, waliokwisha chanjwa na ambao bado, na mimi nimesimama namshangaa kwa bidii yake. Nilipomweleza Mtafiti alisimama. "Ulisemaje? Rudia." Nikarudia. Alipiga makofi. Alifurahi kuliko mtu aliyepata mtoto, akaniambia kwamba lile "wote" na ile "ha" ya "hawajachanjwa" zinagombania kiti, na msikilizaji ndiye anayeamua nani akae mbele. Nilirudi bandani nikawatazama kuku wangu kwa heshima mpya. Walikuwa wameingia kwenye elimu ya juu.

Usidhani basi kwamba alikuwa hodari wa maneno. Huyo huyo aliyeshinda na lugha kutwa, simu yake ilikuwa ikilia mezani mpaka inachoka yenyewe. Hadithi hakujua kusimulia. Msibani alisema "poleni" akakaa. Na sokoni alikuwa kero. Jirani yetu Mama Neema, anayeuza karanga na zabibu hapo kona, alimwambia mara moja mbele yangu, "Dokta, sikukuwekea karanga kwa sababu wewe ni msomi." Mtafiti akaganda, kikapu mkononi, watu wanamzunguka.

"Umeniwekea au hujaniwekea?"

"Si hizo hapo! Nimekuwekea kwa sababu ni jirani."

"Kumbe. Mimi nimesikia umeninyima kwa sababu ya usomi."

"Nikunyime ili iweje? Shika karanga zako, unanizibia wateja."

Alikuwa mtu wa swala, hakosi wakati, lakini hata huko kazi ilimfuata. Jioni moja alitoka ndani na mkeka wake, uso umemsawijika. "Mungu anisamehe," akasema, "rakaa ya tatu nimeisali na kirejeshi." Kirejeshi ni ile "-ye-" iliyomo ndani ya "aliyemfukuza". Nilijua kwa sababu kufikia hapo alikuwa ameniambukiza. Nilikuwa nakaa bandani natafuna maneno peke yangu, na kuku wananisikiliza.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni Kirangi, lugha ya kwao, milimani Kondoa. Aliniambia kwamba Mrangi akitaka kusema jambo litakalokuja, hutanguliza kitendo, ndipo kinafuata kile kineno cha kuonyesha nani na lini. Kama vile mimi niseme "kulima" kwanza, halafu ndiyo niseme ni mimi na ni kesho. Akiuliza nani, au akikanusha, mpangilio unageuka. "Na hakuna aliyewafundisha," akasema. "Mtoto wa kijijini kwetu Kolo anayechunga mbuzi hakosei." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeingia msikitini. Sikuelewa nusu yake, lakini niliona kwamba mtu huyu amekaa na jambo hili miaka yote na bado hajalizoea.

Sasa Bibi. Bibi hakuwa bibi yake Mtafiti hasa, alikuwa mama yake mdogo, ndiye aliyemchukua mchanga na kumlea. Ila mtaa mzima ulimwita Bibi, na yeye mwenyewe akajizoesha kujitaja hivyo. "Bibi hataki uji." "Bibi amechoka na nyie." Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Mtafiti alipokuwa masomoni ng'ambo, Bibi alianguka, akawa mtu wa kitandani, na aliyekuja kutoka Kolo kumtunza ni Mwanahawa, binti wa upande wa mumewe. Mwanahawa alimwosha, akamlisha, akamgeuza, miaka na miaka, mpaka ujana wake ukaishia chumbani mle. Mtafiti aliporudi waliishi wote watatu. Nyumba ilikuwa ya Bibi. Mwanahawa hakuwa na pengine pa kwenda. Mtafiti alikuwa na mshahara, ndiyo, lakini hakuwa na kwao kwingine duniani. Hapo ndipo alipojifunzia kutembea, na ukutani jikoni kulikuwa bado na alama za urefu wake.

Siku moja mchana nilipeleka mayai. Mtafiti yuko chuoni, Mwanahawa ametoka kwenda duka la dawa. Bibi akafumbua macho.

"Baba Kuku."

"Naam, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Bibi anaondoka. Uwe shahidi. Nyumba hii apewe aliyemlea Bibi."

Nikasema, "Sawa, Bibi."

Mimi! Mimi niliyepewa sabuni zote zile! Neno lile lile, milango ile ile miwili, nikasema sawa. Bibi akauliza kama mayai ni ya kuchemsha, akasinzia. Hakuishi siku nyingi baada ya hapo.

Na mimi nilikuwa nimeelewa moja kwa moja. Niliingia mlango mmoja nikaketi. Nilielewa ni Mtafiti, aliyelelewa na Bibi, kwa sababu Mtafiti ndiye aliyekuwa kichwani mwangu. Ni usiku ule nilipomsimulia mke wangu naye akaniambia, "Basi vizuri, Mwanahawa kateseka sana," ndipo nilipokaa kitako kitandani.

Baada ya khitma alibaki kaka yake Bibi, mzee kutoka Kolo, ambaye wote tulimwita Mjomba. Akatukusanya sebuleni. Akasema sheikh ameshamweleza, kisheria urithi ule unamwangukia yeye, lakini yeye ana shamba lake na milima yake, na anachotaka ni kutimiza neno la dada yake kwa hiari. "Shahidi aseme."

Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye jamvi, anakunja pindo la kanga na kulikunjua. Mtafiti alikaa karibu na mlango. Nikamwangalia. Nikazikumbuka alama za ukutani jikoni. Nikasafisha koo.

"Bibi alisema, nyumba apewe yule aliyelelewa na Bibi."

Mwanahawa akasema "Alhamdulillahi" polepole, kwa sauti ya mtu aliyejifunza kutotegemea kitu. Pindo akaliachia.

"Jirani," Mtafiti akasema.

"Naam, Dokta."

"Hiyo ni sentensi yako. Tupe ya Bibi."

"Maana yake ni hiyo hiyo."

"Maana sijakuuliza. Nakuuliza maneno."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nikasema, "Nyumba hii apewe aliyemlea Bibi."

Mjomba aliyarudia midomoni, mara ya kwanza, mara ya pili, na nikaona kwa macho yangu jinsi mzee yule alivyoingia mlango mmoja, akatoka, akaingia wa pili. Hatimaye akamgeukia Mtafiti.

"Binti yangu, hii ndiyo kazi yako. Umeisomea mpaka ng'ambo. Sisi hapa hakuna anayeijua. Sema wewe. Utakalosema, tumelipokea."

Kila mtu mle ndani alielewa kwamba funguo zimewekwa kiganjani mwake. Neno moja tu. Hakuna ambaye angembishia, hata Mwanahawa. Nilimwomba kimoyomoyo: sema, mama, sema.

Alimgeukia mzee.

"Mjomba, sarufi inatuchukua wote wawili. Hainipi mimi, haimpi Mwanahawa. Ukiwaambia watu maneno hayo bila kuwaambia kingine, wengi watamfikiria kwanza yule aliyeifanya kazi ya kulea. Naliona hilo kila siku kazini kwangu. Hapo ni Mwanahawa. Lakini hao ni wasikilizaji, si Bibi. Bibi alimaanisha nani, sijui."

"Na wewe ulipoyasikia maneno haya, ulielewa nani?"

"Mimi."

"Eh!"

"Ila mimi nilikuwa naitaka nyumba, Mjomba. Masikio yangu usiyafuate."

Mzee akasema basi atawafuata wasikilizaji walio wengi, nyumba ni ya Mwanahawa. Mwanahawa akalia, akamshika Mtafiti mkono, "Dada usiende, nyumba hii kubwa, chumba chako si kile pale?" Na Mtafiti alikaa, miezi kadhaa. Kisha akafungasha kompyuta zake. Nilipomuuliza sababu alisema tu kwamba Mwanahawa amekuwa akiomba ruhusa ya kusogeza masufuria jikoni kwake mwenyewe, na mtu hawezi kuishi hivyo.

Mwaka huu nimekwenda kumwona. Nasema hivi kwa fahari, maana kwangu mimi kuvuka reli ni safari. Nilipanda bajaji na trei ya mayai mapajani, naomba kila tuta liwe la mwisho. Amepanga vyumba viwili mbali kidogo, pembeni mwa mji, mahali pa vumbi na nyumba ambazo hazijapigwa lipu. Nywele zimeingia mvi. Alikuwa anafunga begi kwenda Kondoa, kuwarekodi wazee wanavyosema Kirangi, kabla hawajaondoka nacho.

Nilikuwa nimejipanga kwa hotuba. Ikatoka sentensi moja.

"Dokta, ungeniacha na sentensi yangu ya kwanza, leo ungekuwa kwako."

"Ningekuwa kwangu," akasema. "Halafu kesho yake nimkalishe mtu mezani, nimuulize nani alimfukuza nani. Kwa uso gani?"

"Lakini kweli hujui Bibi alimaanisha nani?"

Akayaweka mayai kwenye bakuli, moja moja.

"Siku nyingine naamka nina hakika ni mimi. Nikimaliza kupiga mswaki nina hakika ni Mwanahawa."

"Angesema kwa Kirangi je?"

"Angesema kwa Kirangi, wewe shahidi wangu ungesikia nini? Kuku?"

Akacheka, safari hii bila kutoka nje. Nami nikacheka. Alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika penye kijiwe cha bodaboda kijana mmoja alikuwa akimlalamikia mwenzake, sikushika anasema nini. Mtafiti akasimama katikati ya njia, kichwa ameinamisha upande, midomo inatembea. Nikamuaga, hakusikia. Nikaaga tena. Alikuwa amenisahau kabisa. Mwanamke aliyepoteza kwao kwa sababu ya neno moja, na anasimama juani kulipokea lingine kama mgeni aliyemsubiri. Niliondoka kimya, nikitembea kwa ncha za viatu, na sijui kwa nini nilitembea hivyo.

Nilipofika Ipagala nilimkuta Mama Neema kwenye karanga zake, nikamsimulia yote, vyumba viwili, begi, mswaki, kijana wa bodaboda. Alisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta maganda. Akaniangalia kuanzia shati hadi viatu, akasema:

"Baba Kuku, yule mama akili anazo, nyumba hana. Wewe nyumba unayo."